Noti Inayopindwa kwa Kidole

Mwaka 1950, katika safari zake za kukusanya muziki wa Afrika, Hugh Tracey alifika Kapkatet, katika nchi ya Wakipsigis huko Kericho, Kenya, akarekodi huko nyimbo zilizoimbwa kwa kufuatana na chepkong, ala ya nyuzi ya wenyeji. Miongoni mwazo umo "Chemirocha", wimbo uliopata sifa hata ng'ambo ya bahari, ambao jina lake limetokana na jina la mwimbaji wa Marekani, Jimmie Rodgers, aliyefariki mwaka 1933 na ambaye santuri zake zilikuwa zimekwisha kuwafikia wasikilizaji wa Kericho. Toleo la tatu la wimbo huo liliimbwa na Chemutoi Ketienya pamoja na wasichana wenzake. Zaidi ya miaka 60 baadaye, Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Afrika, iliyoasisiwa na Tracey mwaka 1954 na ambayo leo makao yake ni Makhanda, Afrika Kusini, ilishirikiana na wakereketwa wa muziki wa Kenya kuzirejesha rekodi hizo kwa watu wa Kapkatet.

Azisikilizaye rekodi hizo kwa makini atatambua kwamba katika wimbo wa namna hiyo zimo sauti za tabia mbili. Uzi wa chepkong ukikwanyuliwa hutoa sauti yake yote kwa mara moja, kisha sauti hiyo huanza kufifia pasipo mpigaji kuweza kuiongezea uhai. Lakini sauti ya mwimbaji, ikiisha kutoka, bado imo mikononi mwa mwenyewe, naye huweza kuipandisha kidogo, kuishusha, kuitetemesha au kuiburura mpaka ikutane na noti inayofuata. Hata Rodgers mwenyewe alipendwa kwa sababu hiyo, maana sauti yake ilikuwa ikiruka kutoka kifuani hadi kichwani, na katika santuri zake nyingi limo gitaa la kuteleza ambalo noti zake huhama mahali hadi mahali bila ya kukatika. Uzuri wa mahadhi, kwa hiyo, haumo katika kuchagua noti peke yake; umo vilevile katika yale yanayoipata noti baada ya kuzaliwa kwake.

Nalitaja jambo hili kwa sababu vijana wa Kericho, Litein, Sotik na Bomet wanaotunga muziki leo aghalabu huutunga kwa kompyuta na kibodi, na ndani ya kompyuta hiyo huwamo ala za kila namna, kuanzia filimbi na fidla hadi nzumari na nyuzi za Kiafrika, ambazo mtu mmoja aliyeketi chumbani huweza kuzipiga zote. Hii ni neema kubwa, wala hapana haja ya kuibeza. Walakini kibodi ina upungufu mmoja wa asili. Chini ya kila kibonyezo mna viungo viwili vya umeme vinavyoguswa kimoja baada ya kingine, na muda unaopita baina ya miguso hiyo miwili ndio unaoijulisha mashine kwamba kidole kimeshuka kwa kasi au kwa upole. Hapo noti hulia kwa nguvu au kwa unyonge, na baada ya hapo, katika vinanda vingi vya bei nafuu, kidole hakina tena amri yoyote juu yake ila kuikatisha. Fidla ikipigwa kwa desturi hiyo hugeuka kuwa kitu kisichopumua, hata kama sauti yake ilirekodiwa kwa fidla ya thamani kubwa.

Dawa ya upungufu huo ni aftatachi, yaani uwezo wa kibodi kuhisi mgandamizo wa kidole baada ya kibonyezo kufika chini. Chini ya safu ya vibonyezo hutandazwa utepe mwembamba unaohisi uzito. Kidole kikimaliza safari yake kisha kikaendelea kukandamiza, utepe huo huipelekea kompyuta tarakimu kuanzia 0 hadi 127, nayo programu ya ala ndiyo inayoamua tarakimu hizo zitumike kwa kazi gani. Aghalabu watengenezaji huziamuru ziongeze mtetemo au mwangaza wa sauti. Lakini mpigaji akitaka, huweza kuziamuru zipandishe kimo cha noti yenyewe, na hapo ndipo noti inapopindika chini ya kidole kilekile kilichoizaa, mkono wa kushoto ukabaki huru kupiga jambo jingine.

Wazo hili si geni. Klavikodi, kinanda kidogo cha Ulaya cha karne zilizopita, kilikuwa na bapa la chuma lililobaki limeugusa uzi muda wote kibonyezo kilipokuwa chini, hata mpigaji akikandamiza zaidi uzi ulikazwa na sauti ikapanda. Na mtunzi Carl Philipp Emanuel Bach aliueleza mtetemo unaopatikana kwa njia hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1753. Mwaka 1928 Maurice Martenot aliwaonyesha watu wa Paris ala yake ya umeme ambayo baadaye ilipewa vibonyezo vinavyotikisika upande hadi upande, ili mkono utetemeshe noti kama mpiga fidla afanyavyo. Katika miaka ya 1970 Yamaha ilitoa CS-80, ambayo kila kibonyezo chake kilihisi mgandamizo wake peke yake, na Vangelis aliitumia katika muziki wa filamu ya Blade Runner ya mwaka 1982. Mwaka uliofuata ilikuja lugha ya MIDI, inayoziwezesha ala za umeme kusikilizana, na tangu hapo aftatachi imekuwa sehemu ya lugha hiyo.

Msomaji anayekusudia kununua kibodi sharti ajue kwamba aftatachi ni za aina mbili. Ya kwanza ni ya chaneli, ambayo huchukua mgandamizo mmoja kwa kibodi nzima. Mtu akipiga noti tatu kwa pamoja kisha akakandamiza moja, zote tatu hupinda, na masikio hupata taabu. Ya pili ni ya kila noti, ambayo humruhusu mpigaji kupinda noti ya juu na kuziacha za chini zimetulia, nayo hupatikana katika vinanda vichache na vya bei ya juu zaidi. Mwaka 2018 ulipitishwa, katika lugha ya MIDI, utaratibu wa MPE, unaoipa kila noti chaneli yake, yaani njia yake peke yake ya kupelekea amri, na programu kama Surge XT na Vital, ambazo hupatikana bila ya malipo, huufahamu utaratibu huo. Mwenye aftatachi ya chaneli hana haja ya kukata tamaa: na apige mahadhi peke yake kwa noti mojamoja, na yale mafungu ya noti zinazolia pamoja ayarekodi mbali, katika ala nyingine.

Sasa tuje kwenye matengenezo yake, kwa kuwa hapo ndipo wengi wanapoharibu. Kwanza, mwendo wa kupinda uwe mfupi. Nusu-toni moja imegawanywa katika senti 100. Ukiiamuru aftatachi ipandishe toni nzima, yaani senti 200, kila hatua moja kati ya zile 127 huwa kama senti moja na nusu, nayo sikio haliitambui. Lakini ukiiamuru ipandishe oktava nzima ya senti 1,200, kila hatua hukaribia senti 10, na badala ya kuteleza, sauti huweza kusikika ikipanda ngazi. Gurudumu la kupindia sauti, ambalo hukaa kushoto mwa vibonyezo, lina hatua 16,384, na kwa sababu hiyo safari ndefu ni haki yake, na safari fupi ni haki ya kidole.

Pili, kumbuka kwamba mgandamizo huanza kwenye sifuri na huelekea upande mmoja tu, basi kwa kawaida noti hupanda wala haishuki. Anayetaka noti iteremke chini ya mahali pake sharti aigeuze amri ndani ya programu. Tatu, upunguze ukali wa mwanzo kwa kutengeneza mchoro wa mgandamizo unaopanda polepole, la sivyo kila noti inayopigwa kwa nguvu itatoka nje ya kimo chake bila ya ridhaa ya mpigaji. Nne, jihadhari na mwisho wa noti: kidole kikiondoka kwa ghafla sauti hurudi chini kabla ya kukatika, na mrudio huo huwa pambo ukikusudiwa, na huwa kasoro usipokusudiwa. Tano, sauti zilizorekodiwa huharibika umbo zikipandishwa mbali na mahali zilipozaliwa, hata mwimbaji mtu mzima akafanana na mtoto. Basi kwa ala za namna hiyo nusu-toni moja yatosha.

Kwa ala ya kukwanyua, kama chepkong, hekima ni nyingine. Uzi ukivutwa kwa nguvu huanza juu kidogo ya kimo chake kisha hutulia, na jambo hilo hutukia upesi kuliko kidole kinavyoweza kukandamiza. Kwa hiyo kazi hiyo ipewe ile kasi ya mguso wa kwanza, na aftatachi iwekewe sauti zinazodumu, yaani sauti ya mwanadamu, filimbi, na orutu ya majirani zetu Wajaluo, ambayo uzi wake mmoja hauna alama za kukizuia kidole kisiteleze.

Watu wa pwani walikwisha kuijua zamani siri hii ya kupinda noti. Siti binti Saad, aliyerekodi santuri zake Bombay kuanzia mwaka 1928, aliimba katika mila ya taarabu ambayo imerithi makamu za Kiarabu, yaani mipangilio ya noti za mahadhi, na baadhi ya makamu hizo zina masafa ya robo tatu ya toni, yasiyopatikana katika vibonyezo 12 vya kila oktava ya kinanda. Udi na fidla huyafikia kwa kidole. Mwenye kibodi aliyeiamuru aftatachi ipandishe senti 100 huyafikia kwa kukandamiza nusu ya nguvu, maana nusu ya senti 100 ni robo-toni. Na hili ni zoezi jema kwa kila mwanafunzi: kupiga noti moja, kuipandisha mpaka katikati, kuishikilia hapo bila ya kutikisika, kisha kuirudisha. Likishamwelea, na asikilize sauti ya mwimbaji mmoja mzee wa kijijini kwake, aifuate noti kwa noti, mpaka kidole kijue pale koo linapopanda na pale linapotulia.

Asiye na kibodi ya namna hii ana gurudumu la kushoto, au pedali ya mguu iliyoamuriwa kupinda sauti, na vyote viwili humfaa akivifanyia mazoezi. Mashine haimpi mtu ladha ya muziki; humpa njia ya kuionyesha ladha aliyokwisha kuipata kwa kusikiliza. Nchi ya Kericho na Bomet ina hazina iliyorejeshwa nyumbani, na inao wazee ambao bado wanaweza kuimba. Basi nawasihi vijana wetu wenye kompyuta na kibodi: kabla hamjanunua ala nyingine mpya, jifunzeni kwanza kuipinda noti moja vema, na mwalimu wenu wa kwanza awe ni sauti ya watu wenu wenyewe.