Tazama Vidole: DVD za Muziki Zinazostahili Kuhifadhiwa

Ukipita madukani kando ya barabara ya Dodoma hapa Kihesa, Iringa, utakuta DVD za muziki zimesogezwa rafu ya chini kabisa, au zimefungwa kwa mpira ndani ya boksi nyuma ya kaunta. Mbele zimepangwa flashi, memori kadi na chaja za simu. Mteja anakuja na flashi yake, anaingiziwa nyimbo, anaondoka. Kwa anayependa muziki wa jukwaani, huu ndio wakati wa kununua. Wenye maduka wanataka kuondoa mzigo, na nyingi kati ya diski hizo zikiondoka hazitarudi tena.

Anayeanza kukusanya huuliza aanze na ipi. Mimi humwambia kwanza ajifunze kutazama. DVD ya muziki inayostahili kabati ni ile inayokuonyesha muziki ukitengenezwa: vidole vya mpiga solo vikihama kwenye shingo ya gita, mpiga besi akimtupia jicho mpiga dramu, mwimbaji akivuta pumzi kabla ya kupanda. Picha ikikosa hayo, redio ingekutosha.

Video zetu nyingi, za kwaya na za Bongo Fleva, hupigwa kwa pleibeki. Wimbo unarekodiwa studio, kisha waimbaji wanapelekwa kwenye bustani au maporomoko ya maji, spika inawapigia wimbo uleule, nao wanaufuata kwa midomo. Si kosa, ndivyo kazi hiyo ilivyo, na zipo zilizopigwa kwa ustadi mkubwa. Ila usizichanganye na rekodi ya laivu. Kuitambua laivu ni rahisi. Tazama kama gita lina waya na kinanda kina umeme. Tazama tasa za dramu: fimbo ikigusa, mlio utoke hapohapo. Sikiliza mwimbaji anapogeuza shingo mbali na maikrofoni, kama sauti yake inapungua. Mwisho sikiliza watu. Kwenye laivu utasikia kikohozi, makofi yanayoanza mapema, mama anayepiga kigelegele kabla ubeti haujaisha. Hayo ndiyo yanayokwambia kwamba kilichotokea kilitokea mara moja tu.

Rekodi za namna hiyo kwetu ni chache, na sababu yake inajulikana. Muziki wa dansi wa Tanzania Bara ulinawiri kuanzia miaka ya 1960 hadi ya 1980, lakini televisheni Bara ilikuja mwaka 1994. Kenya ilikuwa nayo tangu 1962, na Zanzibar ilifungua yake, tena ya rangi, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Sisi tulikuwa na Radio Tanzania Dar es Salaam, iliyorekodi bendi moja baada ya nyingine kwa uaminifu mkubwa. Kwa hiyo Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe tunaweza kuisikiliza hadi leo, lakini kumwona Mbaraka mwenyewe, aliyefariki Januari 1979, akilipiga gita ni karibu muhali. Ukikuta DVD inayoonyesha jukwaa la kizazi kile, hata kama ni la nchi jirani, usiiache.

Ndiyo maana kwangu ya kwanza ni *Soul Power*. Septemba 1974, kwa siku tatu, uwanja mkuu wa Kinshasa uliandaliwa tamasha la kutangulia pambano la Muhammad Ali na George Foreman. Foreman akachanika juu ya jicho mazoezini, pambano likasogezwa hadi 30 Oktoba, lakini wanamuziki walishafika, na tamasha likaendelea kama lilivyopangwa. Walikuwapo James Brown, B.B. King, Bill Withers, Celia Cruz na Fania All-Stars, Miriam Makeba, na wenyeji Franco na TPOK Jazz pamoja na Tabu Ley. Wapiga picha walikuwa kila mahali. Hata hivyo fedha na kesi ziliifungia mikanda ile kabatini. Filamu ya pambano, *When We Were Kings* ya Leon Gast, ilitoka mwaka 1996, miaka 22 baadaye, na kushinda Oscar. Muziki wenyewe ulisubiri zaidi. Jeffrey Levy-Hinte, aliyekuwa mmoja wa wahariri wa filamu ile, ndiye aliyerudi kwenye mikanda iliyobaki akatengeneza *Soul Power*, iliyotoka 2008.

Kuna kipande cha Bill Withers ambacho humrudishia kila anayejifunza kuimba. Amekaa na gita lake, uwanja mzima uko mbele yake, na kamera imesogea usoni hadi unaona mishipa ya shingo. Hachezi, hatembei. Sauti inatoka polepole, anaiacha ikatike, anaiokota tena. Kwenye kaseti ungesikia wimbo wa huzuni. Hapa unaona jinsi anavyoitunza pumzi, na kwa mwimbaji hilo ni somo zima.

Kasoro ya filamu hii naisema wazi: imewapa wageni nafasi kubwa kuliko wenyeji. Franco na Tabu Ley walikuwa nyumbani kwao, mbele ya watu wao, wakiwa katika kilele cha kazi yao, na muda wao kwenye filamu ni mfupi mno. Sauti za Waafrika wa tamasha lile zilipata albamu yao, *Zaire 74: The African Artists*, mwaka 2017. Nunua vyote viwili, uvitumie pamoja.

Kutoka hapo ni hatua fupi hadi DVD za Wakongo wa miaka ya baadaye, ambazo Nyanda za Juu Kusini zimetazamwa mpaka zikakwaruzika. Koffi Olomide alirekodi Olympia ya Paris mwaka 1998, na Februari 2000 akaujaza ukumbi wa Bercy unaochukua watu zaidi ya 15,000. Werrason, ambaye Wenge Musica BCBG ilipogawanyika mwaka 1997 alibaki upande wake na JB Mpiana upande mwingine, naye aliingia Bercy mwaka huohuo wa 2000. Watu wengi huzitazama kwa ajili ya wanenguaji na mavazi. Mimi nakuomba, angalau mara moja, uwatazame wapiga magita. Rumba ya Kikongo huwa na gita la solo, la ridhimu, la besi, na kati ya solo na ridhimu kuna la nne, mi-solo, linaloziba mapengo yote. Kwenye albamu ya studio magita hayo yanaingiliana hata usijue lipi ni lipi. Jukwaani kila moja lina mwenyewe. Subiri wimbo unapoacha beti na kuingia sebene: utaona kiongozi akinyanyua mkono au akigeuza kichwa tu, dramu inavunja, atalaku, yaani rapa wa bendi, anashika maikrofoni, na wapiga magita wanabadilika kwa mpigo mmoja. Kijana anayepiga gita kanisani akiisoma ishara ile mara chache, mwenyewe anaanza kuongoza wenzake bila kupaza sauti.

Za taarabu nitazitaja kwa kifupi, kwa kuwa zilizo nzuri si za jukwaa tupu bali za maisha. *As Old As My Tongue* ya Andy Jones, ya mwaka 2006, mwaka mmoja baada ya mwimbaji Bi Kidude kupewa tuzo ya WOMEX, inamfuata nyumbani Zanzibar na safarini Ulaya. Bi Kidude alifariki Aprili 2013, na leo hii ndiyo filamu ninayompa kila anayeniuliza sauti yake ilitoka kwa mtu wa namna gani. *Zanzibar Musical Club* ya 2009 inafaa kwa atakaye kuona kanuni, fidla na udi vikiwa mikononi mwa wenyewe. Na kwa muziki wa asili wa Bara kuna *Throw Down Your Heart* ya 2008, ambamo Mmarekani Béla Fleck anapita na banjo yake Uganda, Tanzania, Gambia na Mali. Kipande anachokaa na Anania Ngoliga, mwanamuziki wetu asiyeona, mmoja akimjibu mwenzake, nakihesabu miongoni mwa vipande bora vya muziki wa Tanzania vilivyowahi kunaswa kwenye picha.

Kihesa ni mtaa wa kwaya, kwa hiyo nakaa zaidi kwenye *Amazing Grace*. Januari 1972, kwa usiku mbili, Aretha Franklin alirekodi nyimbo za injili ndani ya kanisa la Kibaptisti mjini Los Angeles, akiwa na Mchungaji James Cleveland na kwaya ya Southern California. Albamu ilitoka mwaka uleule na ikauzwa kwa wingi sana. Picha zilipigwa chini ya mwongozaji Sydney Pollack, lakini wapiga picha walisahau kibao, kile kinachogongwa mbele ya kamera kila inapoanza kuzunguka. Bila mlio ule hapakuwa na alama ya kuunganisha picha na sauti, kwa sababu vilirekodiwa kwenye mashine mbili tofauti. Mikanda ikalala miaka kwa miaka, mpaka kompyuta zilipoweza kuilinganisha midomo na sauti. Filamu ilionyeshwa hadharani mwishoni mwa 2018, miezi michache baada ya Aretha kufariki.

Itazame ukiwa na wanakwaya wenzako. Kanisa si kubwa, joto linaonekana usoni mwa kila mtu, na Aretha karibu hasemi na watu kabisa. Baba yake, Mchungaji C.L. Franklin, anainuka na kumfuta jasho huku yeye akiendelea na kinanda. Angalia kwaya inavyomsubiri. Hawana karatasi mkononi. Macho yao yote yako kwa mwongoza kwaya, na yeye anawazuia mpaka dakika ya mwisho ndipo anawafungulia. Walimu wetu wengi wanaimbisha vizuri sana, lakini kusubiri kule ni kitu cha kujifunza kwa macho. Baada ya hapo tafuta DVD za Joyous Celebration ya Afrika Kusini, wanaorekodi laivu toleo baada ya toleo tangu miaka ya 1990, uone mpangilio wa sauti katika jukwaa kubwa.

Sasa diski yenyewe. Ipindue. Ikiwa na rangi ya fedha imechapwa kiwandani, na ukiitunza itadumu. Ikiwa ya zambarau au ya bluu-bluu imechomwa kwenye kompyuta, na rangi ile ni dawa inayokufa kwa jua na joto. Iringa, tukiwa zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, ubaridi unatusaidia. Adui yetu ni vumbi la kiangazi. Futa kwa kitambaa laini cha pamba, kutoka katikati kwenda ukingoni, kamwe usizungushe. Ukikuta stempu ya TRA, iliyoanza kubandikwa kwenye kazi za muziki na filamu mwaka 2013, ni dalili njema kwamba diski iliingia sokoni kwa njia halali. Zile zinazojisifu kwa filamu ishirini ndani ya diski moja ziache: DVD ya kawaida inabeba gigabaiti 4.7, na ukibana saa nyingi humo unachokata ni sauti na picha.

VCD za kwaya za miaka ya 2000 zina nukta za picha kama robo tu ya DVD, lakini usizitupe. Nyingine hazikuwahi kutolewa kwa namna nyingine.

Jambo moja wapiga vyombo walijue. Filamu hupigwa kwa picha 24 kwa sekunde. DVD ya mfumo wa PAL, tunaoutumia sisi, huzionyesha 25. Mara nyingi hakuna kinachorekebishwa, filamu inakimbizwa tu. Dakika 60 zinakuwa 57 na sekunde 36, na sauti inapanda kwa zaidi ya theluthi mbili ya nusu toni. Ukijaribu kupiga gita sambamba na wimbo wa G, utajikuta hauko G wala A-flati. Gita lako halina ubaya. Tafuta DVD ya NTSC ya filamu hiyohiyo, deki nyingi zinaisoma, au rekebisha mwendo kwenye kompyuta. Matamasha yaliyopigwa kwa kamera za video za PAL tangu mwanzo hayana tatizo hili. Angalia pia namba ya kanda nyuma ya kava: Tanzania ni kanda ya 5, Ulaya ya 2, Marekani ya 1. Deki za bei nafuu mara nyingi husoma zote, lakini deki ya DVD ya kompyuta hukuruhusu kubadili kanda mara tano tu.

Mwalimu mmoja wa kwaya wa mtaani kwetu aliniletea diski ya zambarau iliyobandikwa karatasi juu, yenye ibada ya shukrani ya miaka mingi iliyopita. Deki ilikuwa ikiandika haina diski.

"Mwalimu, nakala nyingine iko wapi?"

"Ndiyo hiyohiyo, kaka. Na aliyepiga kinanda humo tulishamzika."

Tuliisoma polepole kwenye kompyuta, programu ikirudia kila palipokwama, tukapata karibu yote. Mizigo kama hiyo ndiyo ninayoihimiza kuliko Bercy na Kinshasa. *Soul Power* itatunzwa na wengine. Ibada ile hakuna mwingine wa kuitunza.

Kwaya yenu ikirekodi laivu, simamisha simu moja kwenye stendi bila kuigusa, nyingine ifuate mikono ya wapigaji, sauti ichukuliwe kwa kinasa chake kutoka kwenye miksa. Kabla ya wimbo wa kwanza mtu mmoja apige kofi moja kubwa mbele ya kamera zote. Kofi hilo litafanya kazi ya kibao kilichosahaulika Los Angeles. Mkimaliza, mdai fundi mafaili mabichi pamoja na video iliyohaririwa. Ndani ya kava andikeni tarehe, mahali, na majina ya wapigaji kwa mpangilio walivyosimama, kuanzia kushoto. Nakala moja ibaki kanisani, ya pili kwa mwalimu, na ya tatu kwenye diski ngumu ya mtu anayeishi mtaa mwingine.