"Kuburutwa" na "Kuburutika": Istilahi za Kipanya

Mfasiri wa miongozo ya kompyuta hukutana mara nyingi na dhana ya kuhamisha kitu kwenye skrini kwa kipanya. Wengine huandika "vuta", wengine "sogeza", wengine "kokota". Tofauti hizi si ndogo. Karani aliyeambiwa "sogeza faili" hajaambiwa kwamba kidole kisibanduke. Akiachia njiani, faili yaweza kuingia katika folda asiyoikusudia.

Kabla ya kuchagua neno, yafaa tuielewe kazi yenyewe. Ina hatua tatu: kubonyeza kitufe cha kipanya mshale ukiwa juu ya kitu, kusogeza kipanya hali kitufe kingali kimebanwa, na kuachia. Katika hatua ya kwanza programu huhifadhi umbali uliopo baina ya mshale na pembe ya kitu. Tuseme pembe iko nukta 100 kutoka ukingo wa kushoto, na mshale uko nukta 130. Tofauti ni 30. Mshale ukifika 200, pembe huwekwa 170. Mtunzi wa programu akiisahau tofauti hiyo, kitu huruka ghafla mara kipanya kinapoanza kusogea.

Kwa hiyo twapendekeza "buruta". Aburutaye gunia hulishika mahali pamoja, wala haliachi mpaka afike. "Vuta" huelekeza kitu kwa mvutaji; "kokota" huleta wazo la uzito; "sogeza" halitaji kushika. Kwa hatua ya mwisho, "achia" latosha.

Sifa ya kitu kinachoweza kuburutwa ndiyo yenye utata zaidi. Hapa kauli ya kutendeka yatufaa. "Kitufe kinaburutwa" maana yake yupo anayekiburuta sasa. "Kitufe kinaburutika" maana yake chakubali kuburutwa, kama tusemavyo kuwa mwandiko unasomeka. Tofauti hii ni ya lazima, kwa kuwa vitufe vya programu kwa kawaida haviburutiki mpaka mtunzi aandike maagizo ya hatua tatu tulizozitaja. Lakini mfasiri ajihadhari na "-me-": "kimeburutika" huonyesha tokeo, kama "kikombe kimevunjika", wala si uwezekano.

Tunawaomba wafasiri, walimu na watumishi wa serikali wayajaribu maneno haya katika kazi zao, kisha watuletee maoni.