Je, Wajua? Kagera ya Kujifanya, Kuiga na Kufanya Mazoezi

Kicheko cha Kashasha hakikuwa cha kujifanya

Tarehe 30 Januari 1962, wasichana 3 wa shule ya misheni ya Kashasha, Muleba, mkoani Kagera, walianza kucheka wakashindwa kujizuia. Shule ilipofungwa tarehe 18 Machi, wanafunzi 95 kati ya 159 walikuwa wamekwisha kushikwa, lakini hakuna mwalimu hata mmoja aliyepatwa. Wasichana waliporudi makwao, kicheko kiliwafuata: kijijini Nshamba walihesabiwa watu 217. Wenyeji waliuita *enwara yokusheka*, ugonjwa wa kucheka.

Si kweli kwamba watu walicheka miezi mfululizo. Kicheko kilikuja na kuondoka, kikichanganyika na kilio na mahangaiko, na aliyeumwa muda mrefu zaidi alifikisha siku 16. Madaktari Rankin na Philip, walioandika habari hii mwaka 1963, hawakuona sumu kwenye chakula wala kijidudu kwenye damu. Hata hivyo hawakusema wasichana wale walikuwa wanatega masomo. Mtegaji anajua anachokifanya, na hunyamaza akiona hatazamwi. Hawa waliambukizana hofu na msongo wa mawazo, mmoja akaiga mwili wa mwenzake bila kukusudia.

Chandarua kipya huzeeshwa kwa makusudi

Nani angoje miaka mitatu kujua kama chandarua kitadumu? Kwa utaratibu wa Shirika la Afya Duniani, chandarua cha majaribio hufuliwa mara 20, kisha hukatwa matundu 6, kila moja sentimita 4 kwa 4: mawili kila ubavu mrefu na moja kila ubavu mfupi. Hutundikwa kwenye kibanda kilichojengwa kama nyumba, mtu wa kujitolea akalala ndani, na asubuhi mbu huhesabiwa, wazima na wafu.

Kibanda hakitoshi, ndiyo maana Muleba ikawa uwanja wa mtihani wenyewe. Mbu wa huko walikuwa wamezoea dawa ya kawaida ya vyandarua. Watafiti wakagawa vyandarua vilivyoongezwa kemikali ya PBO, inayomnyima mbu uwezo wa kuivunja dawa mwilini. Mwaka wa kwanza maambukizi ya malaria kwa watoto yalipungua kwa 44% kulinganisha na maeneo yaliyopata vyandarua vya kawaida. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza vyandarua hivyo mwaka 2017, likitegemea zaidi matokeo ya Muleba.

Zoezi lilitangulia, ugonjwa ukafuata

Septemba 2022, Ebola ilipozuka Uganda, Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi 8 za Afrika zilizofanya zoezi la kujiandaa. Miezi sita baadaye, tarehe 21 Machi 2023, ilitangazwa kwamba homa ya Marburg, ndugu wa Ebola, imeingia Bukoba Vijijini. Watu 9 waliugua na 6 walifariki, akiwemo mhudumu wa afya. Mlipuko ulitangazwa kwisha tarehe 2 Juni, bila kuvuka mipaka ya mkoa.

Uwanja wa ndege nao hufanya "ajali"

Kanuni za kimataifa za usafiri wa anga zinataka kila uwanja ufanye zoezi kamili la dharura angalau mara moja kila miaka miwili au mitatu, kutegemea utaratibu uliochaguliwa. Ulio kando ya maji unatakiwa uwe na mpango wa uokoaji majini pia. Umuhimu wa jambo hilo Bukoba inaujua: tarehe 6 Novemba 2022 ndege yenye watu 43 ilianguka Ziwa Victoria karibu na uwanja. Watu 24 waliokoka, na wavuvi waliwahi kufika wakiwa na mitumbwi yao.

Katika mazoezi ya aina hii, "majeruhi" hupakwa damu ya rangi na kufundishwa kulia kwa maumivu. Kwa kawaida kila ujumbe wa simu huanza na kuishia kwa neno "zoezi", ili anayeusikia katikati asikimbilie kuwaaga ndugu zake.