Nyoka Aliyeshindwa Kujivua Gamba

  Leo hatusemi habari ya mahindi wala mbolea. Leo tunasema habari ya nyoka. Najua wengine mmekwisha kutupa macho pembeni kutafuta fimbo. Ngojeni kwanza, tusikilizane.

Tumeletewa swali na kikundi cha vijana wanaofuga nyoka kwa kibali, ili kuwaonyesha wageni na watoto wa shule. Wanaye nyoka wa nyumba, yule wa rangi ya kahawia asiye na sumu, mla panya. Ncha ya mkia wake ilianza kuwa nyeusi, ikakauka kama kijiti, halafu ikakatika. Mzee mmoja akawaambia nyoka huyo anataka kuota kichwa cha pili. Mwingine akasema ni ugonjwa, auawe kabla hajawaambukiza wenzake. Vijana wanauliza: tufanyeje?

Jibu letu ni hili: msimuue. Kichwa cha pili hakuna, na mara nyingi jambo hili si ugonjwa wa kuambukiza. Mara nyingi ni gamba lililokwama.

Hebu tueleze. Ngozi ya juu ya nyoka haikui pamoja na mwili wake. Kwa hiyo ngozi mpya hujitengeneza chini ya ile kuukuu, na katikati yake hupita majimaji ya kuzitenganisha. Wakati huo utaona rangi ya nyoka imefifia na macho yamekuwa kama yametiwa maziwa. Haoni vizuri, mara nyingi hataki kula, na ni mwepesi wa kukasirika. Mwacheni, msimshikeshike. Baada ya siku chache macho hung'aa tena. Kisha hujisugua midomo kwenye jiwe au gogo, gamba hupasuka mdomoni, naye hutoka ndani yake huku gamba likigeuka nje ndani, kama soksi unayoivua mguuni. Nyoka mwenye afya huvua gamba zima kwa mara moja. Mahali pa mwisho kabisa kutoka ni ncha ya mkia.

Basi hapo ndipo penye kazi. Sanduku likiwa kavu mno, au nyoka akiwa hana maji ya kutosha, au hana kitu cha kujisugulia, au ana utitiri kama ule unaosumbua kuku, gamba hukatika vipande vipande. Kipande cha mkiani hubaki kama pete. Kikikauka, hubana. Gamba jingine likija, nalo hukwama juu yake, pete inazidi kukaza.

Ninyi wafugaji wa kondoo mnaijua ile pete ya mpira inayofungwa mkiani mwa mwanakondoo. Damu haipiti, mkia unakufa, unaanguka wenyewe. Pete ya gamba hufanya kazi ile ile, ila hii hakuna aliyeitaka. Na tofauti na mjusi, nyoka mkia ukimkatika hauoti tena.

Sasa basi, mfugaji afanye nini? Kila nyoka anapojivua, lichukue lile gamba ulitazame kuanzia kichwani. Nyoka hana kope za kupepesa, jicho lake limefunikwa na kigamba kinachoonekana kama kioo. Angalia kama vigamba vya macho yote mawili vimo. Halafu fuata mpaka mwisho uone kama ncha ya mkia imo. Kama haimo, imebaki kwa nyoka.

Kama ni nyoka asiye na sumu, mweke katika beseni lenye maji ya uvuguvugu, yasiyochoma mkono, na kina kidogo ili kichwa kisizame. Nusu saa inatosha, na usiondoke hapo. Kisha mpitishe polepole katika kitambaa kilicholoweshwa, gamba litoke lenyewe. Usilivute likiwa kavu, utachubua ngozi mpya. Kigamba cha jicho usikibandue hata kidogo. Ukiona ncha imekwisha kuwa nyeusi, au imevimba, au inatoa usaha, mwite daktari wa mifugo.

Kama ni swila au kifutu, usijaribu kumloweka wala kumshika. Mwongezee unyevu kwenye sanduku, na kazi ya mikono waachie waliofunzwa.

Kinga ni rahisi kuliko tiba. Wekeni bakuli la maji safi kila siku, jiwe la kukwaruza, na kikopo chenye tundu ndani yake majani au kitambaa chenye unyevunyevu. Lakini sanduku zima lisiwe tope, maana ngozi itaoza.

Tukumbushane pia kwamba si kila mkia wa ajabu ni kilema. Dume huwa na mkia mrefu, tena mnene pale unapoanzia, kuliko jike. Mkia uliopinda unaweza kuwa wa kuzaliwa, au uliwahi kubanwa na mfuniko. Kama nyoka anakula na kunya vizuri, upinde huo haumsumbui. Uvimbe mpya ndio wa kuuliza.

Na wewe mkulima usiyefuga nyoka, utakayekuta gamba ghalani? Gamba lenyewe halina haja ya kuogopwa, na huvutika likawa refu kuliko mwenyewe. Rangi yake haikwambii mengi, kwa kuwa mara nyingi gamba huwa karibu halina rangi. Lakini likiwa pana, mkia mfupi, na kila gamba dogo la mgongoni lina mstari uliotuna katikati, shuku kifutu. Likiwa laini lenye mkia mwembamba, anaweza kuwa mla panya wako, anaweza pia kuwa swila. Kwa hiyo usitie mkono penye giza. Tumia taa na fimbo ndefu, fyeka majani yaliyozunguka ghala, ziba matundu, na ondoa panya, maana nyoka amewafuata wao. Mtu akiumwa, asichanjwe wala kufungwa kamba. Atulizwe, apelekwe hospitali upesi.

Mwisho, nyoka ni mnyamapori. Sheria ya Tanzania ya 2009 na ile ya Kenya ya 2013 zinataka kibali kabla ya kumfuga.

Basi vijana wetu, nyoka wenu ataishi na mkia wake mfupi. Lakini wale wenzake sandukuni, watazameni mikia leo hii kabla jua halijazama. Kwaherini, mpaka wiki ijayo.