Matairi kwa Ardhi ya Kismayu

Msafara wa kijeshi hausimamishwi na risasi peke yake. Katika mwambao wa Kismayu, lori moja likizama mchangani mpaka ekseli huyasimamisha yote yaliyo nyuma yake, na adui aliyejificha vichakani hana kazi ila kungoja. Kwa hiyo suala la matairi, ambalo makamanda wengi huliachia karakana na bohari, ni suala la uhai wa askari.

Historia ni shahidi. Mwaka 1941 majeshi yaliyotoka Kenya chini ya Jenerali Cunningham yaliharakisha mwendo ili masika yasiyakute njiani, yakauingia mji wa Kismayu tarehe 14 Februari, wakati wa kaskazi, nchi ikiwa kavu. Miaka 70 baadaye, Oktoba 2011, Majeshi ya Ulinzi ya Kenya yalivuka mpaka vuli ikiwa imewadia. Magari yakakwama katika udongo wa mfinyanzi kwenye njia za kwenda Afmadow. Mji wa Kismayu haukufikiwa hadi mwisho wa Septemba 2012. Matope hayakuwa sababu pekee ya muda huo mrefu, lakini askari waliosukuma malori hawatayasahau.

Dereva wa huko hukutana na ardhi tatu katika safari moja: matuta ya mchanga kando ya bahari, mfinyanzi wa bara, na lami iliyochakaa. Hakuna tairi linalozipenda zote tatu kwa usawa.

Yapo mafunzo yanayotoka mahali pasipotarajiwa. Nchini Marekani yako mashindano ambamo magari mawili huondoka pamoja kutoka hali ya kusimama na kukimbia mstari ulionyooka ambao kwa desturi ni wa robo maili, yaani mita 402. Matairi ya nyuma ya magari yale yenye nguvu kupita yote ni mapana, laini, kipara kabisa, na upepo wake huwa chini ya ratili 10 kwa kila inchi ya mraba. Kabla ya kuondoka dereva huyazungusha papo hapo mpaka yatoe moshi, ili mpira upate moto na kunata. Mtazamaji hudhani siri ya ushindi ni injini. Sivyo. Nguvu ambayo tairi haliwezi kuikabidhi ardhi hupotea bure.

Katika hayo, upana wa unyayo na uchache wa upepo ni mafunzo yetu. Upara na kuzungusha si vyetu. Tairi linalozunguka mchangani hujichimbia kaburi, na vijana wetu wanaokanyaga mafuta kwa hasira gari linapoanza kuzama yafaa waambiwe hivyo tangu siku ya kwanza ya mafunzo. Wapo pia wanaoshindana mchangani kwa matairi yenye mapanga mfano wa makasia. Hayo yana raha yake, lakini lami huyala upesi, na polisi wa doria hawezi kubeba seti mbili za matairi.

Wenyeji wanaye mwalimu mwingine: ngamia. Mguu wake ni mpana na laini, hutanuka unapokanyaga, naye hupita pale ambapo kwato za punda huzama. Mwingereza Ralph Bagnold, mwanajeshi aliyezunguka jangwa la Libya kwa magari kabla ya vita vya pili vya dunia, alifuata kanuni hiyo hiyo kwa kupunguza upepo. Hesabu yake ni nyepesi. Uzito wa gari haubadiliki. Upepo ukipunguzwa kwa nusu, unyayo wa tairi hurefuka hadi kukaribia maradufu, na kila inchi ya mchanga hubeba mzigo mdogo zaidi. Gari dogo la doria linalotumia ratili 40 barabarani laweza kushushwa hadi 18 kwenye matuta. Kwa malori, jedwali la mtengenezaji lifuatwe.

Katika kuchagua, rai yetu ni tairi pana moja kila upande wa ekseli ya nyuma badala ya mawili yaliyobanana, ili magurudumu ya nyuma yafuate njia iliyokwisha kushindiliwa na ya mbele. Meno yawe ya wastani. Meno marefu yaliyoachana hujisafisha vizuri topeni, lakini mchangani hukwangua. Kikosi kitakachoshinda barani wakati wa mvua ndicho kiyapewe. Kununua aina moja kwa vikosi vyote kwa sababu ya bei ni akiba ya uongo.

Tahadhari haina budi kutajwa. Tairi lenye upepo mdogo likikimbizwa kwenye lami hupata moto ubavuni na kupasuka, na likikatishwa kona kwa ghafla laweza kuchomoka kwenye rimu. Hapo ndipo palipo na mtihani wa kamanda. Wakati wa vita vya pili vya dunia Wamarekani walilitengenezea lori lao la DUKW, litembealo majini na nchi kavu, mtambo wa kumwezesha dereva kuongeza au kupunguza upepo akiwa kitini mwake. Gari lisilo na mtambo kama huo hulazimika kusimama mchanga unapokoma, pampu ifunguliwe, na matairi yajazwe moja baada ya jingine. Mahali pa kituo hicho pachaguliwe kwenye ramani kabla ya safari, pawe peupe, mbali na vichaka, na walinzi washuke kwanza kabla ya mtu wa pampu.