Geini ya amplifaya si kitufe cha kuongeza besi



Wengi wetu tukifunga subufa kwenye gari tunaichukulia ile skrubu ya geini kama kitufe cha pili cha sauti: ukitaka besi zaidi, zungusha. Hata mimi. Fundi aliyenifungia aliizungusha mpaka vioo vikatetemeka, akasema "hapo sawa", nikalipa nikaondoka nimefurahi. Wiki ya tatu gari likanuka vanishi iliyoungua. Koili ya spika kwisha, na spika yenyewe haijatimiza mwezi.

Kumbe kazi ya geini ni kulinganisha tu. Redio moja hutoa volti 2, nyingine 4, na skrubu ndo inayoamua ziingie volti ngapi ili amplifaya itoe nguvu yake yote. Ukipita hapo, amplifaya haina pa kwenda: vilele vya wimbi vinakatwa, na wimbi linaelekea umbo la mraba. Wimbi la mraba kamili lina nguvu mara mbili ya wimbi safi lenye kilele hicho hicho, na ziada hiyo koili huipata kama joto. Ndiyo maana hata amplifaya ndogo inaweza kuiunguza spika kubwa.

Hesabu yake ni nyepesi. Zidisha wati kwa omu, halafu tafuta kipeuo cha pili. Wati 300 kwa omu 4 ni 1,200. Kipeuo chake ni volti 34.6. Wati ni zile za RMS, si zile za mbwembwe kwenye boksi, na uchukue zilizo chache kati ya za amplifaya na za spika. Omu nazo ni za jumla: koili mbili za omu 4 zikiunganishwa sambamba ni omu 2.

Basi chomoa waya za spika, shusha geini mpaka chini, zima viongeza besi vyote, na chujio la amplifaya ulifungue mpaka juu. Washa injini, piga toni ya hezi 50 iliyorekodiwa kwa desibeli 0, redio iwe robo tatu ya sauti yake. Weka multimita kwenye volti za mkondo geu, ishike penye matundu ya waya za spika, pandisha geini polepole mpaka 34.6. Acha hapo hapo. Zima, rudisha waya, chujio lirudi kwenye hezi 80 hivi.

Ila multimita haioni umbo la wimbi. Kama wati zilizoandikwa ni za uongo (na zipo nyingi jamani), amplifaya itaanza kukata kabla hujafika namba yako. Tazama fyuzi zake: ampea 40 kwa volti 14 ni wati 560 zinazoingia, na nyingine hupotea kama joto. Ikiwa imeandikwa 1,000, usiiamini, piga hesabu kwa wati 400 tu.

Na wale wenzangu wa taarab za zamani zilizotolewa kwenye kaseti: rekodi hizo ziko chini, mkono utawasha kuigusa geini. Iacheni. Pandisheni redio, kisha mkumbuke kuishusha kabla ya kuweka muziki wa siku hizi.