Dirisha likiganda, chunguza kitenzi

Mwanafunzi wangu wa zamani alinijia jioni moja hapa Elgon View, kipakatalishi kwapani. "Mwalimu, dirisha linaganda," akalalamika. Ameunda programu ya kusoma faili ambamo muda wa wanariadha huandikwa mstari baada ya mstari, na kuuonyesha mubashara kwenye skrini. Wakimbiaji wanazidi kumaliza mbio, lakini dirisha limetulia tuli. Kitufe ukikibofya, wapi!

Mimi ni mtu wa isimu. Nikamwuliza programu hiyo inafanya nini. "Inangoja mstari mpya." Basi hapo ndipo penye kasoro.

Programu ya madirisha ni sawa na mhudumu mmoja katika hoteli yenye meza nyingi. Kila mbofyo, kila herufi ichapwayo, ni tukio. Akiitwa huitika, kisha huenda kwa mwingine. Akisimama mlangoni pa jikoni kungoja chapati ziive, wateja wote watadhani amekufa.

Dawa ya kwanza ni kuchungulia. Kila nusu sekunde apite jikoni, atazame, aondoke. Aweke alama alipokomea kusoma ili asirudie faili zima, na mstari ambao haujakamilika auache kwanza, maana "2:0" si muda wa mtu yeyote. Ya pili ni kuarifiwa: mfumo endeshi wenyewe umwite faili linapobadilika. Linux ina huduma hiyo, inotify, tangu 2005. Hata hivyo, taarifa humwambia tu kwamba kuna jipya. Kulisoma ni kazi yake.

Watafsiri wetu hupenda kuyafunika yote mawili kwa "kufuatilia". Siafiki. Neno hilo halisemi nani anamwendea nani, na hilo ndilo mtunga programu anahitaji kujua.

Tusidhani haya ni ya wanakompyuta pekee. Agosti 2022, fomu 34A za vituo zaidi ya 46,000 zilipokuwa zikiwekwa kwenye tovuti ya IEBC, tulikodolea macho runinga, kila kituo na hesabu yake. Tarakimu zikisimama kidogo tu, uvumi nao unaanza kutembea. Skrini iliyoganda haijieleze kama imekosa habari au imeshindwa kuionyesha.

Kijana alichagua kuchungulia. Alibadilisha mistari michache palepale mezani, dirisha likaanza kuitika. Lakini katika maelezo ya programu bado ameandika "inangoja", na tungali tunabishana.